Je, mwotaji wa mchana anayakimbia maisha? Jibu kwa mwalimu wa fasihi

Swali, kwa ufupi: Mwalimu mmoja wa sekondari amesoma na wanafunzi wake hadithi fupi ya Mmarekani James Thurber, "Maisha ya Siri ya Walter Mitty", katika tafsiri aliyoiandaa mwenyewe, na darasa likagawanyika. Kundi moja linasema Mitty ni mwoga anayeyakimbia maisha. Jingine linasema ni shujaa, kwa kuwa amepata mahali ambapo mkewe hawezi kumfikia. Mwanafunzi mmoja amekata shauri kwamba hizo ni ndoto za Alinacha tu, hakuna la kujadili. Mwalimu anauliza kama ndoto ya mchana katika hadithi fupi ni kuyakimbia maisha ya kawaida au ina kazi nyingine, na afanye nini na wanafunzi ambao kila wakiandika hadithi wanaimaliza kwa "kumbe ilikuwa ndoto".

Jibu:

Mwalimu, makundi yako mawili yanabishana, lakini kuna jambo moja ambalo yote yamelikubali bila kulichunguza, nalo ni kwamba Mitty ametoka. Kwa kundi la kwanza ametoka kwa kukimbia, kwa kundi la pili ametoka kwa kushinda. Mimi nashikilia kwamba hakutoka kabisa. Ukiisoma hadithi ile kalamu mkononi, utaona kwamba karibu kila kitu kilichomo ndani ya ndoto zake kimeokotwa barabarani, dukani au kinywani mwa mkewe muda mfupi kabla, na kwamba ustadi wa mwandishi uko kwenye mishono, yaani pale maisha ya kawaida yanapoingia ndotoni na pale ndoto inapofumuka. Huko ndiko ningelipeleka darasa.

Hadithi ilichapishwa katika jarida la The New Yorker mwezi Machi 1939. Ukiondoa ndoto, kinachobaki hakistahili hata kuitwa kisa. Mwanamume ambaye mkewe anamkumbusha kwamba si kijana tena anampeleka mke huyo saluni katika mji wa Waterbury, jimbo la Connecticut. Anaingiza gari upande usiofaa kwenye maegesho. Ananunua viatu vya mpira vya kuvalia juu ya viatu vya kawaida. Anahangaika kukumbuka kitu cha pili alichoagizwa. Anamsubiri mkewe kwenye ukumbi wa hoteli. Kisha anasimama nje ya duka la dawa wakati mvua iliyochanganyika na theluji inapoanza kunyesha. Katikati ya shughuli hizo anakuwa kamanda wa ndege ya jeshi la wanamaji katika dhoruba, daktari bingwa wa upasuaji, mshtakiwa wa kesi ya mauaji, rubani wa vita, na mwisho mtu aliyesimama mbele ya kikosi cha wapiga risasi.

Chukua kwanza glavu. Mkewe anamwuliza kwa nini hakuvaa glavu zake. Anazivaa; mke akiisha kuingia saluni anazivua; askari wa barabarani akimkemea kwenye taa kwa kuchelewa kuondoka, anazivaa tena haraka haraka. Kisha anapita mbele ya hospitali, na mara moja tumo ndani ya hospitali hiyo, ambamo muuguzi anamweleza daktari Mitty habari za mgonjwa tajiri, naye daktari anamsikiliza huku akizivua glavu zake polepole. Ni glavu zilezile. Barabarani zilikuwa alama ya utiifu wa mume aliyekaripiwa. Ndotoni zimekuwa alama ya mtu anayesubiriwa na chumba kizima cha upasuaji. Hata jina la daktari mwingine aliyemo chumbani humo, Renshaw, ni jina la daktari ambaye mke alikuwa ametoka kulitaja akitaka mumewe apimwe. Mtu aliyekimbia kweli asingemchukua daktari wa mkewe.

Kuna mshono mwingine ambao wanafunzi huupita bila kuuona, nao mimi nauhesabu kuwa bora kuliko yote. Mitty anakumbuka siku aliyoshindwa kufungua minyororo ya theluji kwenye magurudumu, fundi kijana wa gereji akaja kumsaidia huku akimcheka kimyakimya. Anajiambia kwamba safari ijayo atakwenda gereji na mkono wa kulia umefungwa bendeji ya shingoni, ili wasimcheke. Ni wazo dogo la kitoto, linapita kwa sentensi moja. Muda si mrefu mchuuzi wa magazeti anapita akinadi habari za kesi, na ndani ya ndoto ya mahakama wakili wa Mitty anasimama kueleza kwamba usiku wa mauaji mteja wake alikuwa amefungwa mkono wa kulia bendeji ya shingoni. Aibu ya gereji imegeuka kuwa utetezi wa kisheria. Naye Mitty anaukataa utetezi huo na kutamba kwamba angeweza kumpiga marehemu risasi kwa mkono wa kushoto.

Ndoto hiyohiyo inafumuka kwa namna inayochekesha, na kicheko chake kimejengwa kwa hesabu. Mahakamani fujo inazuka, Mitty anampiga mwendesha mashtaka na kumtukana kwa kumwita mbwa. Neno hilo linamrudisha barabarani, kwa kuwa kitu alichokuwa amekisahau ni biskuti za mbwa. Anayatamka maneno hayo kwa sauti, na mwanamke anayepita anamcheka na kumwambia mwenzake. Yaani tusi la shujaa na orodha ya manunuzi vimekutana katika neno moja. Baada ya kuchekwa haingii duka la kwanza analolikuta, anakwenda jingine dogo zaidi mbele huko. Thurber hasemi kwamba ameona haya. Hatua zile chache za ziada zinatosha.

Ongeza mlio. Injini za ndege katika ndoto ya kwanza zina mlio wa kudundadunda unaorudiwarudiwa. Mlio huohuo unatoka kwenye mashine ya dawa ya usingizi hospitalini, na baadaye kwenye silaha za kurusha moto vitani. Mimi nausikia kuwa ni wa gari lenyewe analoliendesha, lile ambalo mkewe analalamika kwamba limefika maili 55 kwa saa ilhali yeye hapendi lizidi 40, na ambalo mumewe anatoka nalo kwenda popote aendapo.

Hapa yafaa kumtaja Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza maana ya ndoto, kwa sababu wanafunzi wa ngazi ya juu hukutana naye mapema na kumtegemea kupita kiasi. Katika insha aliyoichapisha mwaka 1908 kuhusu waandishi na ndoto za mchana, alisema kwamba ndoto ya aina hii hushika nyakati tatu kwa pamoja: jambo la sasa linaloichokoza, kumbukumbu ya zamani, na hamu inayotazama mbele. Alisema pia kwamba mtu mwenye furaha haoti namna hii, anayeota ni yule asiyeridhika. Sehemu ya kwanza inatusaidia sana, maana jambo la sasa linalochokoza ndoto ndilo ninaloliita mshono. Sehemu ya hamu inayotazama mbele haimfai Mitty hata kidogo. Yeye hatazamii kuwa rubani kesho, wala hapangi lolote. Na ndilo linalonileta kwa Alinacha.

Mwanafunzi wako aliyemtaja Alinacha amesema jambo la maana kuliko alivyodhani, ila amelifunga haraka. Alinacha ni ndugu wa tano wa yule kinyozi mwenye maneno mengi katika Alfu Lela Ulela. Amerithi dirhamu 100 kwa baba yake, akazinunulia vyombo vya kioo, akavipanga kwenye sinia kubwa na kuketi navyo kando ya ukuta akisubiri wateja. Akiwa ameketi anaanza kupiga hesabu: atauza kwa 200, atanunua vya 200 auze kwa 400, na kuendelea hivyo mpaka awe na mali nyingi, nyumba, watumwa na farasi, kisha ataposa binti wa waziri kwa mahari ya dinari 1,000. Hadithi ingeweza kuishia kwenye hesabu, lakini msimuliaji anakaa sana kwenye usiku wa harusi. Bwana harusi hatamtazama bibi harusi. Wanawake watamsihi, naye atainamisha macho kwa kiburi. Mama mkwe atambusu mikono, binti atasimama mbele yake na kikombe, naye hatajibu. Mwisho atampiga teke. Teke linatoka kweli, sinia linapinduka, vioo vyote vinavunjika.

Tumezoea kuisoma hadithi hii kama onyo kwa mwenye tamaa ya mali. Ukiitazama karibu, hesabu za Alinacha hazikuvunja kitu. Mfanyabiashara yeyote huzipiga. Kilichovunja vioo ni teke, na teke ni ukatili wa mtu aliyejipa mamlaka kichwani kabla hajayapata. Ndoto imetuonyesha angekuwa mtu wa namna gani lau angepewa, na hilo ni jambo ambalo maisha yake ya kuuza vioo yasingelidhihirisha kamwe. Tofauti na Mitty ni mbili. Alinacha anatamani kufika, Mitty hatamani kufika popote. Na Alinacha analipa kwa mali: dirhamu 100 zimekwenda, zinahesabika. Mitty halipi chochote ila kicheko cha mpita njia. Kuziita ndoto zote mbili kwa jina moja kunarahisisha mazungumzo ya mtaani, ila darasani kunaua swali.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo litakugusa wewe uliyetafsiri. Alinacha anaota kwa wakati ujao: nitauza, nitanunua, nitaposa. Msikilizaji anajua muda wote kwamba yuko nje ya ndoto, akimtazama mtu aliyeketi na sinia. Thurber anafanya kinyume: ndoto na barabara zote zimeandikwa kwa wakati uliopita uleule, na hadithi inaanza tayari tumo ndani ya ndege, bila neno lolote la kutuarifu. Msomaji wa mara ya kwanza anaamini kwamba amefungua hadithi ya vita, mpaka sauti ya mke inapomrudisha ndani ya gari. Kiswahili kinamtega mtafsiri hapo. Ukiandika "angekuwa kamanda, angeivusha ndege dhorubani", umemweka msomaji kando ya barabara na kumwambia kwamba anayoyaona si kweli. Ukiandika "kamanda akaivusha ndege dhorubani", umempandisha. Tazama tafsiri yako mwanzo wa kila ndoto. Ukikuta "-nge-" au kitenzi kama "alijiona" au "aliwaza kwamba", kifute, uone darasa litakavyosoma upya.

Kuhusu hukumu ya mwisho, mwoga au shujaa, nitasema ninavyoona. Ndoto za Mitty hazifanani. Katika ya kwanza anaishinda dhoruba, katika ya pili anaitengeneza mashine kwa kalamu ya wino na kuingia kumpasua mgonjwa, katika ya tatu anaukataa utetezi wake mwenyewe, katika ya nne anakunywa brandi na kuondoka kwenda kwenye hatari peke yake, na katika ya mwisho anapigwa risasi. Ushindi umekuwa ukipungua hatua kwa hatua, mpaka kinachobaki ni namna ya kusimama. Hata kitambaa cha kufungwa macho anakikataa. Kundi lako la mashujaa lina haki ya kuushika mkao huo. Kundi la waoga lina haki ya kusema kwamba amesimama vile mbele ya ukuta wa duka la dawa, akimsubiri mkewe aliyesahau kitu. Hadithi imeyashika yote mawili katika aya moja, na mwalimu anayelazimisha darasa lichague moja anaondoa kitu ambacho mwandishi alikifanyia kazi.

Neno moja juu ya mke, maana wavulana darasani humchukia mapema mno. Anayoyasema yana maana: mwendo umezidi, hali ya hewa inadai viatu vya mpira, na anapomkuta mumewe amezama kwenye kiti cha hoteli na kuambiwa kwamba alikuwa akifikiri tu, anasema atampima joto wakifika nyumbani. Msomaji anacheka, ila hayo ni maneno ya mtu anayeona kwamba mwenzake hayupo na hajui amekwenda wapi. Tunamsikia kwa masikio ya Mitty peke yake. Ningeona raha kusoma hadithi ya mwanafunzi wako inayoandikwa kutoka upande wa pili wa gari lile.

Ili darasa lisidhani kwamba kila mwotaji anafanana na Mitty, wape Mrusi Anton Chekhov, hadithi yake ya mwaka 1887 iitwayo "Busu". Ofisa wa mizinga Ryabovich, mfupi, mwenye mabega yaliyoinama na miwani, anaalikwa na wenzake kunywa chai kwa jenerali mstaafu. Anapotea njia ndani ya nyumba, anaingia chumba chenye giza, na mwanamke aliyekuwa akimsubiri mtu mwingine anamkumbatia na kumbusu, kisha anagundua kosa, anapiga ukelele na kuruka nyuma. Ryabovich hajauona uso wake. Akirudi mezani anaanza kumuunda kutokana na wanawake waliopo: mabega ya huyu, paji la yule, macho ya mwingine. Hapo tena unaona ndoto ikijengwa kwa vitu vilivyo mezani. Kikosi kinaondoka, naye anaishi na busu hilo majira yote ya kiangazi. Siku moja anaamua kuwasimulia wenzake, na anashangaa kwamba habari yote imekwisha kwa muda wa dakika moja hivi, ilhali alidhani ingehitaji kusimuliwa hadi asubuhi.

Dakika hiyo ndiyo mshono wa Chekhov. Hakuna sinia lililovunjika wala mtu aliyecheka barabarani. Ndoto imepimwa kwa saa ya watu wengine, ikaonekana ndogo. Na Chekhov anakwenda mbele zaidi kuliko Thurber. Mwisho wa hadithi Ryabovich anarudi kijiji kilekile, anasimama karibu na mto, busu zima linamwonekea upuuzi, na anaporudi malazini anakuta wenzake wameitwa kwa jenerali. Furaha inamwaka kifuani mara moja. Anaizima kwa makusudi na kupanda kitandani, kama mtu anayetaka kuikomoa bahati yake. Huyo ndiye ninayemwita mkimbizi, na tazama kwamba anakimbia siku alipoacha kuota.

Katherine Mansfield, katika hadithi yake "Miss Brill" ya mwaka 1920, nitampita haraka. Mwanamke mpweke anayefundisha Kiingereza Ufaransa anakwenda bustanini kila Jumapili na kujiaminisha kwamba watu wote pale ni waigizaji, naye pia ana nafasi yake jukwaani. Hajiwazii kuwa mahali pengine. Amepabadilisha jina tu pale alipo. Kwa hiyo kinachomvunja hakiwezi kuwa sauti ya kumwita arudi. Ni vijana wawili kwenye benchi lilelile wanaomsema, naye anasikia.

Sasa "kumbe ilikuwa ndoto". Najua kwa nini inakuchosha, na najua kwa nini wanafunzi wanaipenda: inawaokoa. Wamempeleka mhusika mbele ya simba au kitini pa urais, muda wa mtihani unakwisha, na neno moja linafuta deni lote. Kosa haliko kwenye ndoto, liko kwenye kukosekana kwa mshono. Msomaji akirudi nyuma hakuti chochote kilichopenya kutoka kitandani, jikoni au darasani kuingia kule. Ndoto ingeweza kuwa ya mtu yeyote, aliyelala popote.

Wasomee Ambrose Bierce, "Tukio kwenye Daraja la Owl Creek", hadithi ya mwaka 1890, ambayo kwa kweli nayo inaishia kwa "kumbe". Peyton Farquhar, mwenye shamba wa Alabama wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, amesimamishwa kwenye daraja la reli ili anyongwe. Kamba inakatika, anaanguka mtoni, anaogelea chini ya risasi, anatembea msituni mpaka usiku, anafika kwenye lango la nyumbani kwake, na mkewe anashuka kumlaki. Hapo anahisi pigo kisogoni, na sentensi ya mwisho inatuambia kwamba amekwisha kufa, mwili unaning'inia chini ya daraja. Lakini rudi nyuma. Kabla ya kuanguka, mlio wa saa yake ya mfukoni ulimfikia kama nyundo ya mhunzi, na kila pigo likizidi kuchelewa, kwa hiyo tuliarifiwa mapema kwamba muda wake umeanza kutanuka. Njiani barabara ni pana na imenyooka, lakini hakuna dalili kwamba mtu amewahi kuipita. Nyota juu hazitambui. Shingo inauma na imevimba, ulimi umevimba kwa kiu, na miguu haiisikii tena ardhi. Kamba imekuwa naye safari nzima.

Kwa hiyo usiwakataze "kumbe", wala usiipunguzie alama kwa sababu tu ipo. Mwambie mwanafunzi akuonyeshe, katika maandishi yake mwenyewe, vitu viwili au vitatu vilivyovuka kutoka pale mwotaji alipo kweli: honi ya daladala, harufu ya chaki, sauti ya mama anayemwita aende dukani, baridi ya sakafu. Akikuonyesha, mpe alama zake zote hata kama mwisho umeubashiri. Akiwa hana hata kimoja, mrudishie daftari, avitafute na kuviingiza kabla hajaugusa mwisho. Mara nyingi akiisha kuviingiza ataona mwenyewe kwamba neno "kumbe" halihitajiki tena, kwa kuwa msomaji alijua tangu ukurasa wa kwanza na bado akaendelea kusoma.